Gambuti limeyeyukia kwenye ekzosi? Ondoa bila kuharibu kromu

Mvua zikianza Umatengo, gambuti hutolewa stoo. Ndicho kiatu cha shambani, cha sokoni na cha kupandia bodaboda kwenye tope. Lakini abiria akijisahau, soli hugusa ekzosi, harufu ya mpira unaoungua hupanda, na bomba lililokuwa linang'aa hubaki na bonge jeusi lililogandamana. Hali ni hiyohiyo kwa kandambili, mfuko wa nailoni au koti la mvua.

Kwa dereva mwenye pikipiki ya mkataba, hilo si jambo dogo. Akilikwangua vibaya, kutu itaingia, na siku ya kurudisha chombo kwa tajiri yatakuwa maneno. Tumeandaa maelezo haya ili usifike huko.

Kwa nini linayeyuka?

Gambuti nyingi zimetengenezwa kwa plastiki aina ya PVC, ambayo huanza kulainika kwenye joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi. Ekzosi, hasa karibu na injini, inaweza kuvuka nyuzi 200. Kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga ni kilomita 66 hivi za lami, na sehemu kubwa ni kupanda milima. Pikipiki iliyobeba abiria na gunia la usipa hupanda kwa gia ndogo, injini ikifanya kazi nzito, na bomba huzidi kuwa la moto. Hapo mguso mfupi tu unatosha kuacha alama.

Usifanye haya

Usikwangue kwa kisu, msasa, steliwaya wala mchanga wa ziwani. Kromu ni ngozi nyembamba sana iliyopakwa juu ya chuma, nyembamba kuliko unywele. Ukiichana, maji hupenya na kutu huanzia chini yake.

Usimwagie petroli. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi ya Mbinga ya mwezi wa Juni, sembuse kwenye bomba lenye joto.

Usiichome kwa moto ili iishe. PVC ikiungua hutoa moshi wenye tindikali, unaowasha macho na kifua na unaoweza kula chuma.

Fanya hivi

Kwanza, acha bomba lipoe kabisa. Plastiki iliyopoa huwa ngumu, na mara nyingine bonge nene hubanduka ukilisukuma kwa ukingo wa kijiti cha mwanzi au mwiko wa mbao uliochakaa.

Pili, kwa masalia yaliyong'ang'ania, washa injini mkiwa nje, si ndani ya chumba, kwa dakika moja au mbili. Tunataka bomba lipate uvuguvugu tu, lisiwe la moto. Zima. Vaa glovu au zungushia mkono kitambaa kinene cha pamba kikavu, kisha sukuma plastiki iliyolainika kwa mwiko uleule. Futa mara moja kabla haijaganda tena. Rudia taratibu; usiongeze moto ili umalize haraka.

Tatu, ukibaki utando mwembamba, subiri bomba lipoe tena. Lowesha pamba kwa asitoni, ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha inayouzwa kwenye maduka ya vipodozi. Iweke juu ya doa kwa dakika chache, kisha futa. Asitoni nayo hushika moto haraka, kwa hiyo weka mbali sigara na jiko. Tahadhari: pikipiki nyingi za bodaboda zina bomba lililopakwa rangi nyeusi, na kromu iko kwenye kava tu. Kwenye rangi nyeusi usitumie asitoni, kwa sababu itaondoa na rangi yenyewe. Hapo ishia kwenye mwiko na kitambaa.

Nne, ng'arisha. Dawa ya meno nyeupe kidogo kwenye kitambaa laini inatosha. Karatasi ya alumini ya kufungia chipsi, ikikunjwa na kuloweshwa maji, nayo husaidia, kwa kuwa alumini ni laini kuliko kromu. Mwisho osha kwa sabuni na ukaushe vizuri. Mafuta na alama za vidole zikiachwa, joto la safari inayofuata litazigeuza madoa.

Ukiona rangi ya buluu au ya dhahabu karibu na injini, usihangaike kuikwangua. Huo si uchafu. Ni chuma kilichobadilika rangi kwa joto.

Ikiwa umeungua mguu

Bomba linaloyeyusha gambuti haliuachi mguu wa mtoto. Ngozi ikigusa kitu chenye nyuzi 60 huungua ndani ya sekunde chache. Mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, funika kwa kitambaa safi, na uende zahanati ikiwa kidonda ni kikubwa, kina malengelenge au aliyeungua ni mtoto. Dawa ya meno ni ya kung'arishia bomba. Usiipake kwenye kidonda, wala usipake mafuta.

Kuzuia ni rahisi zaidi

Pikipiki nyingi zina ekzosi upande wa kulia. Dereva, mwelekeze abiria apande na kushukia kushoto, na umwoneshe pa kukanyaga kabla hujaondoka. Mama, kusanya khanga vizuri na usimwache mtoto aning'inize miguu. Kava ya bomba ikilegea, ikaze. Ikidondoka, nunua nyingine kabla ya safari ya kwenda ziwani. Gharama yake ni ndogo kuliko bomba jipya, na ni ndogo zaidi kuliko mguu wa abiria wako.