Moto wa Saa Nane za Usiku

Saa nane za usiku tumbo lilikuwa linaniamsha kuliko jogoo. Panawaka hapa, chini ya kifua. Nikitafuna kipande cha muhogo panatulia, baada ya saa mbili panawaka tena. Pale Kasongo kila mtu alikuwa na lake: pilipili ya kwenye sombe, mawazo, kijicho cha jirani. Nikaacha pilipili mwaka mzima, bure tu.

Mimi nabeba mafuta ya mawese kwa baiskeli kutoka Kabambare. Njia ile inavunja mgongo, na kila jioni nilimeza diklofenaki mbili za sokoni, zinazouzwa moja moja bila boksi, tena kabla ya kula. "Baba, hizo ndizo zinakutoboa," muuguzi akaniambia nilipomwendea. "Na pengine una mdudu pia."

Mdudu mwenyewe ni bakteria, Helicobacter pylori, anayeudhoofisha utando wa tumbo mpaka asidi inaula. Mwaka 1984 daktari wa Australia, Barry Marshall, alimnywa makusudi ili aaminiwe kwamba mdudu huyu ndiye analeta vidonda vya tumbo, akaugua kweli. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kinyesi changu kilipopimwa, mdudu alikutwa. Nikapewa omeprazoli na antibiotiki mbili, siku 14. Siku ya sita maumivu yakaisha, nami nikataka kuuza vidonge vilivyobaki. Mke wangu akavificha kwenye kopo la chumvi, akawa ananihesabia mwenyewe. Kuhusu choo cheusi kama lami, au kutapika damu, muuguzi alikuwa mkali: usingoje kukuche ndipo uende hospitali.