Basi la kijijini Chamwino: nani hasa analilipia?

MKAZI wa Mpwayungu, kusini mwa Wilaya ya Chamwino, anapokuwa na shughuli katika makao makuu ya wilaya yake, kwa kawaida huanza kwa kwenda Dodoma mjini, kisha hupanda gari jingine linaloelekea mashariki kwa barabara kuu ya Morogoro. Wilaya hiyo iliundwa mwaka 2007, baada ya kugawanywa kwa iliyokuwa Dodoma Vijijini, na njia zake nyingi za usafiri hukutana mjini.

Nauli ya safari hiyo yote hutoka mfukoni mwa abiria. Mabasi ya vijijini nchini Tanzania hayapati ruzuku ya uendeshaji. Nauli na malipo ya mizigo ndiyo mapato yao.

Haikuwa hivyo siku zote. Katika miaka ya 1970 Serikali iliendesha Kampuni ya Mabasi ya Taifa, KAMATA, na mikoa ilikuwa na kampuni zake za usafiri. Uhaba wa vipuri na fedha za kigeni uliyadhoofisha mashirika hayo, na biashara ikaangukia mikononi mwa watu binafsi.

Mmiliki, ambaye wafanyakazi wake humwita tajiri, humkabidhi dereva gari kwa makubaliano ya hesabu ya kila siku. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho riziki ya dereva na kondakta. Ndiyo maana gari la shamba hulala kijijini, huondoka alfajiri kwenda mjini na kurudi alasiri, na mara nyingi haliondoki kabla ya kujaa. Magunia na matenga ya kuku juu ya keria ni sehemu ya hesabu hiyo.

Nauli ina ukomo

Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hutoa leseni za usafirishaji na kupanga nauli za juu. Desemba 2023 ilitangaza Sh48.47 kwa abiria kwa kila kilometa, kwa basi la kawaida la mikoani linalopita barabara ya lami. Barabara ya vumbi hupangiwa kiwango chake.

Kwa kipimo hicho cha lami, safari ya kilometa 40 haifiki Sh2,000 kwa abiria. Gari la abiria 30 likijaa hupata takriban Sh58,000 kwa safari moja, kabla ya kutoa mafuta, matairi, springi, bima, kodi na ushuru wa stendi. Likienda nusu tupu, mapato hupungua kwa nusu, lakini dizeli haipungui kwa kiasi hicho.

Ukomo wa nauli humlinda abiria asitozwe kupita kiasi, lakini haumpatii gari pale ambapo mmiliki haoni faida.

Mvua na mavuno

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Makorongo yakijaa, njia hukatika. Miezi hiyo ndiyo pia mifuko ya wakulima huwa mitupu, kwa kuwa mtama, uwele na karanga bado vipo shambani. Mmiliki hupata hasara mara mbili: gari huharibika na abiria hupungua.

Basi likikoma, hubaki bodaboda. Bei yake ni ya maelewano, nayo haimfai mjamzito wala mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Mvumi. Mkulima naye huuza gunia lake kwa mchuuzi aliyefika mlangoni, kwa bei ya mchuuzi.

Fedha za umma zilipo

Serikali huchangia kwa njia nyingine, nayo ni barabara. Tozo ya mafuta huingia Mfuko wa Barabara, ambao hugawiwa TANROADS kwa barabara kuu na za mikoa, na TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, kwa barabara za wilaya. Mwaka 2021 tozo iliongezwa Sh100 kwa lita kwa ajili ya barabara za vijijini. Hivyo abiria wa Chamwino huchangia pia barabara kupitia nauli yake.

Tofauti huonekana katika barabara ya Dodoma–Iringa, iliyozinduliwa mwaka 2018. Wakazi wa Fufu na Mlowa Barabarani wanaweza kusimamisha mabasi yanayopita kati ya mikoa hiyo miwili. Aliye mbali na lami hungoja gari la kijiji chake.

Nchini Uingereza, tangu biashara ya mabasi nje ya London ilipoachiwa soko mwaka 1986, halmashauri zimeweza kuitisha zabuni na kulipia njia zisizo na faida. Tanzania nayo imewahi kutumia fedha za umma kwa mabasi, lakini mjini: miundombinu ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2016, ilijengwa na Serikali kwa mkopo.

Kwa kijiji kisicho na lami, msaada ulio karibu zaidi ni kalvati linalodumu msimu mzima. Korongo likipitika Februari, tajiri ana sababu ya kutoliegesha gari lake mjini.