Ngoma za Mwami Katika Boma la Gishora



Baadhi yenu mmetuuliza kama yafaa Mkristo kuwachukua watoto wake kwenda kutazama ngoma za kifalme huko Burundi, nchi jirani ambayo lugha yake Waha huifahamu bila taabu kubwa. Swali hili ni zito, maana ngoma zile hazikuwa mchezo tu.

Gishora ni kilima karibu na Gitega. Hapo palikuwa na boma la Mwami Mwezi Gisabo, aliyefariki mwaka 1908. Yasimuliwa kwamba alilijenga baada ya kumshinda mwasi aitwaye Ntibirangwa. Ndani ya ua zimo nyumba za nyasi, na ngoma mbili zenye heshima kuu, Ruciteme na Murimirwa. Kwa Kirundi neno "ingoma" lina maana mbili, yaani ngoma na ufalme. Kwa hiyo hapo kale hazikupigwa ila na watu wa koo zilizokabidhiwa kazi hiyo.

Wapigaji huvaa nguo nyekundu, nyeupe na za kijani, nao huingia wakichukua ngoma vichwani huku wakizipiga. Ngoma moja, inkiranya, hukaa katikati na kuongoza; amashakwe hushika mwendo pasipo kukoma; na ibishikizo huifuata inkiranya. Kisha mmoja mmoja hutoka mbele, akaruka na kucheza.

Zamani heshima hiyo ilichanganyika na matambiko, na kwa sababu hiyo wamisionari wengi waliziogopa ngoma. Lakini ufalme uliondolewa mwaka 1966, na mwaka 2014 UNESCO iliziandika ngoma hizi katika urithi wa wanadamu. Leo ngoma husikika hata makanisani. Gogo na ngozi ya ng'ombe havina dhambi. Dhambi hutoka moyoni mwa mtu. Nayo Zaburi ya 150 yataja baragumu, kinubi, matari na matoazi katika kumsifu Mungu.

Basi, shauri letu ndilo hili: mzazi na aende pamoja na watoto, awaeleze lililokuwa heshima ya nchi na lililokuwa tambiko. Akiona mizimu yaombwa, na aondoke kwa upole, pasipo kumdharau mtu. Nanyi walimu, waonyesheni wanafunzi jinsi wengi wanavyoisikiliza inkiranya moja, wala hakuna anayetaka kusikika peke yake. Nyumba ya Kikristo nayo yapasa kuwa hivyo.