Elimu Iliyofika Barazani

Ni nadra kupata katika Kenya nzima ardhi iliyoulizwa maswali mengi kama ardhi ya Turkana. Wamepita huko wachimbuzi wa mambo ya kale, ambao mwaka 1984, kwa jicho kali la Kamoya Kimeu, walifukua karibu na Nariokotome mifupa ya kijana aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja na nusu iliyopita. Wamepita wataalamu wa miamba waliotafuta mafuta na kuyapata mwaka 2012. Wamepita wachunguzi wa maji, wa mifugo, wa lishe, wa lugha na wa vita. Na tangu kambi ya Kakuma ilipofunguliwa mwaka 1992 hawajakoma kuja vijana wa vyuo vikuu, na hojaji zao mikononi, wakiwauliza wakimbizi na wenyeji habari za mlo wao, maradhi yao na matumaini yao. Maswali hayo yamezaa vitabu vingi. Lakini mtu akitaka kujua ni mangapi kati ya hayo yaliyoandikwa yaliingia katika sheria za nchi, au yalimgeuza waziri mmoja fikra, au yalimfaa mama mmoja anayechimba maji katika mchanga wa laga, yaani mto uliokauka, atakuta kwamba ni machache. Na katika uchache huo mna jambo lipasalo kuangaliwa kwa makini, kwa sababu hayo machache yalifika kwa njia ambayo wengine nao waweza kuifuata.

Mfano ulio karibu ni wa mwana wa Kapedo. Kapedo ni kituo kidogo mpakani mwa kaunti za Turkana na Baringo, mahali penye chemchemi za maji ya moto yanayoporomoka kutoka mwambani na kuingia mto Suguta. Huko ndiko alikozaliwa Dakta Ekuru Aukot, mwanasheria aliyepata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, na aliyejitolea kuichunguza sheria ya wakimbizi. Mwaka 2003 alichapisha katika Refuge, jarida la Chuo Kikuu cha York, Toronto, makala ambayo anwani yake peke yake ilitosha kumzindua msomaji, kwani ilinena kwamba katika Kakuma ni heri mtu kuwa mkimbizi kuliko kuwa Mturkana. Hiyo haikuwa chuki kwa mgeni. Yalikuwa malalamiko ya wenyeji, yaliyosemwa miaka mingi chini ya miti na visimani bila ya kupata wa kuyaandika, na sasa yalivikwa hoja na kupelekwa mbele ya watu ambao hawakuzoea kusikiliza lugha nyingine isipokuwa ya hoja.

Msomaji asiyepajua Kakuma na atazame biashara ya kuni. Mama wa Kiturkana, shanga zimemjaa shingoni, huingia kambini asubuhi na mzigo kichwani, akautua mbele ya nyumba ya mama mwenziwe aliyekimbia vita vya Sudan Kusini au vya Somalia. Huyu hutoa gorogoro ya unga katika mgao wake, yule huitazama na kusema, “Ongeza kidogo, mama,” naye hujibiwa, “Hiki ndicho kilichobaki, dada, na watoto hawajala,” hata mwisho wakaafikiana na kuagana kwa wema. Miti ni ya mwenyeji na unga ni wa mgeni, na kila mmoja ana haja na mwenziwe. Ila mwenye miti, alipogeuka kurudi bomani kwake, aliacha nyuma shule, zahanati na mabomba ya maji yaliyojengwa kwa jina la mgeni wake, wakati yeye, raia wa nchi hiyo, alikuwa hajajengewa mfano wake. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 uliandikwa ili kumhifadhi aliyekimbia, na insafu yake ni kubwa, lakini jirani maskini anayempokea mkimbizi hakuwa katika mawazo ya walioutunga. Pengo hilo ndilo alilolionyesha msomi wa Kapedo, na aliweza kulionyesha kwa sababu aliyajua mambo mawili ambayo aghalabu hukaa mbalimbali: sheria ya mataifa, na bei ya mzigo wa kuni.

Angalitosheka na kuchapisha, huenda makala ile ingalikaa katika rafu za maktaba hadi leo. Lakini mwaka 2009 Kenya iliunda Kamati ya Wataalamu ya kuandaa katiba mpya, mwenyekiti wake akiwa marehemu Nzamba Kitonga, na Dakta Aukot akawa mkurugenzi wake. Katiba ilipitishwa kwa kura ya maoni tarehe 4 Agosti 2010 na kutangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi huo. Haitakuwa haki kudai kwamba mtu mmoja aliandika ibara zake, kwa kuwa maelfu ya Wakenya walitoa maoni na Bunge likazipima. Hata hivyo msomaji akizisoma ibara zinazohusu nyanda kame ataisikia ndani yake kadhia ile ile ya wenyeji wa Kakuma. Ibara ya 260 inawataja wafugaji, wahamao na wasiohama, miongoni mwa jamii zilizoachwa pembeni. Ibara ya 204 inaamuru kwamba nusu ya asilimia moja ya mapato yote ya taifa kila mwaka itengwe kwa ajili ya maji, barabara, zahanati na umeme katika maeneo yaliyoachwa pembeni. Na kwa ugatuzi ulioanza mwaka 2013, Lodwar, uliokuwa mji wa mbali wa maafisa waliotumwa kutoka Nairobi, ukawa makao ya serikali iliyochaguliwa na wenyeji.

Baadaye zilikuja tarakimu. Mwaka 2016 wachumi wa Benki ya Dunia, wakishirikiana na shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, walionyesha kwamba kuwapo kwa wakimbizi kumeongeza pato la Turkana kwa zaidi ya asilimia 3. Na mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia linaloshughulikia sekta binafsi, lilikadiria kwamba biashara ya Kakuma ilifikia dola za Marekani milioni 56 hivi kwa mwaka, ikiwa na maduka na shughuli zaidi ya 2,000. Makazi ya Kalobeyei, kilomita chache kutoka kambini, yalipangwa tangu mwanzo yawahudumie wakimbizi na wenyeji pamoja, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 ikaufungua mlango wa mkimbizi kufanya kazi. Nazithamini tarakimu hizi, kwa sababu zilimnyang'anya mwanasiasa maneno ya kwamba mkimbizi ni mzigo mtupu.

Lakini utafiti ulio mkubwa kuliko yote uliopata kufanywa Turkana, kwa maoni yangu, ni ule wa nyanda za kusini, si mbali na Kapedo, miongoni mwa Waturkana waitwao Ngisonyoka. Tangu enzi za wakoloni maafisa waliamini kwamba mfugaji ndiye mharibifu wa nchi yake, kwamba hujilimbikizia mifugo kwa fahari mpaka majani yakaisha, na kwamba dawa yake ni kupunguziwa mifugo, kuzungushiwa ua na kukalishwa mahali pamoja. Serikali huru iliirithi imani hiyo, na Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye ardhi yenye rutuba na mvua, na ardhi kame ikabaki kungoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kundi la wataalamu wa elimu ya watu na ya mazingira, wengi wao Wamarekani, walikwenda kuishi na wafugaji hao. Wakapima mvua na majani, wakapima mbuzi na ngamia, wakapima maziwa yaliyokamwa na watoto walioyanywa. Na mmoja wao, Terrence McCabe, akazifuata familia nne katika kuhama kwao, akirudi kwao mara kwa mara kwa miaka mingi, hata akajua kwa nini mwenye boma mmoja alielekea mlimani ilhali jirani yake alibaki bondeni.

Walichokiona kilipingana na vitabu. Katika nchi ambayo mvua haitabiriki, ukame huja na kuipunguza mifugo kabla mifugo haijapata muda wa kuyaangamiza malisho. Mvua ndiyo inayotawala, wala si wingi wa mbuzi. Na kuhama, ambako afisa alikuita uzururaji, ndiko kuitunza nchi. Jim Ellis na David Swift waliyaeleza hayo mwaka 1988 katika makala ambayo imefundishwa katika vyuo vya dunia nzima. Basi ilichukua muda gani hoja hiyo kufika Nairobi? Mwaka 2008 iliundwa wizara ya maendeleo ya kaskazini mwa Kenya na maeneo mengine kame, na waziri wake, Mohamed Elmi, alikuwa mtu wa Wajir aliyefanya kazi miaka mingi miongoni mwa wafugaji. Na mwaka 2012 ulitoka Waraka wa Bunge Namba 8, uliokubali kwamba kuhama na mifugo ni njia ya halali ya kuishi na kuzalisha mali. Miaka 24! Na katika muda huo wote wafugaji walizidi kuhubiriwa na maafisa habari za ua na jembe, wakati ithibati ilikuwa imekwisha kuchapishwa, tena ilitoka kwao wenyewe.

Kuna pia hatari ya kinyume, ya elimu inayofika barazani kabla haijaiva. Mwezi wa Septemba 2013 ilitangazwa kwa shangwe kwamba chini ya uwanda wa Lotikipi, huko huko Turkana, pamegunduliwa bahari ya maji, iliyokadiriwa kwa vyombo vya angani kuwa mita za ujazo bilioni 200 hivi. Visima vya majaribio vilipochimbwa baadaye, maji yalikutwa na chumvi isiyonyweka. Aliyetangaziwa neema na kuletewa chumvi hamwamini kwa wepesi mtaalamu atakayekuja baada yake.

Imani hiyo yaweza kurudishwa kwa jambo moja ambalo watafiti wengi hulifanyia taksiri, nalo ni kurejesha majibu kwa waliojibu. Tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti humtaka mtafiti akabidhi nakala ya ripoti yake, na hilo ni jema. Ila ripoti iliyokabidhiwa Nairobi kwa Kiingereza haijakabidhiwa Kakuma. Maneno ya watu ni amana. Anayeyachukua na asirudi, hata kama nia yake ilikuwa safi, huwafanya wenyeji wamwone mtafiti kuwa mchumaji tu, na afikapo wa pili humjibu lile wanalodhani analitaka, na sera ikajengwa juu ya majibu hayo.

Hapa ndipo Kapedo yenyewe inaposubiri. Mwishoni mwa mwaka 2014 askari wapatao 20 waliuawa huko kwa kuviziwa, na Januari 2021 kamanda wa kikosi cha polisi cha GSU akauawa karibu na hapo. Mara zote mbili serikali ilijibu kwa operesheni, na mabishano ya Waturkana na Wapokoti wa upande wa Baringo juu ya mpaka yakabaki pale pale. Elimu haikukosekana. Profesa Kennedy Mkutu, kwa mfano, alichapisha mwaka 2008 kitabu kuhusu bunduki na utawala katika Bonde la Ufa. Na Ibara ya 188 ya Katiba imekwisha kutaja mambo ya kuzingatiwa mpaka wa kaunti unapotaka kubadilishwa, miongoni mwayo idadi ya watu, barabara na huduma, uhusiano wa kihistoria na wa mila, gharama za utawala, maoni ya jamii zinazohusika, na maumbile ya nchi. Kila moja la hayo ni swali la utafiti. Chuo Kikuu kishiriki cha Turkana kipo Lodwar tangu mwaka 2017. Na kiwatafute wenzake wa upande wa Baringo, ili vijana wa Kiturkana na wa Kipokoti waandike katika daftari moja, wakae Kapedo na Lomelo upande wa Turkana, na ng'ambo ya pili huko Tiaty, Baringo, msimu wa mvua na msimu wa kiangazi, na matokeo yao yasomwe hadharani kwa Kiturkana na kwa Kipokoti, wazee wa pande zote mbili wakiyakosoa, kabla hayajachapishwa kwa Kiingereza na kupelekwa Bungeni.