Herufi Zinapogeuka Kinanda

Wahenga walinena kuwa akosaye la mama hata la mbwa huamwa. Kwaya yetu ilikuwa na kinanda kimoja tu, nacho kiliharibika wiki tatu kabla ya Siku ya Wazazi. Pesa za kukipeleka Nairobi kwa fundi hazikuwapo. Ndipo mimi, mwimbaji wa besi, nikajitolea kugeuza tarakilishi moja ya maabara iwe kinanda. Wenzangu wakacheka, ati nitapiga barua badala ya nyimbo! Hebu nikueleze nilivyofanya, na pia kosa lililonipatia jina la utani ambalo halijanitoka hadi leo.

Kwanza tuelewane. Kibonye cha tarakilishi hakijui muziki hata chembe. Ukikibonyeza, kinapeleka habari tu kwamba herufi fulani imeshuka. Ukiinua kidole, kinapeleka habari ya pili kwamba imepanda. Basi. Kila herufi ina nambari yake: z ndogo ni 122, x ni 120, c ni 99. Kazi ya mwandishi wa programu ni kuwa mkalimani kati ya nambari hizo na ala za muziki.

Programu niliyotumia inaitwa Csound, na hupatikana bila malipo. Iliandikwa na Barry Vercoe katika chuo cha MIT, Marekani, miaka ya 1980. Ukoo wake unaanzia kwa Max Mathews, ambaye mwaka wa 1957 aliifanya tarakilishi ipige muziki wa sekunde 17. Katika Csound, ala haichongwi kwa mbao wala haifungwi nyuzi. Unaiandika. Unaeleza mlio uwe wa wimbi la namna gani, uanze kwa nguvu au polepole, na ufifie vipi. Kisha kuna amri iitwayo sensekey, ambayo kazi yake ni kutega sikio kwenye kibodi. Inakuletea nambari mbili: ya kwanza ni ya herufi yenyewe, ya pili ni 1 herufi ikibonyezwa na 0 ikiachiliwa.

Nikaipanga safu ya chini ya kibodi hivi: Z ni do, X re, C mi, V fa, B so, N la, M ti. Vile vibonye vyeusi vya kinanda vikakaa safu iliyo juu yake: S kati ya do na re, D kati ya re na mi, halafu G, H na J. Herufi F haikupewa kazi, kwa sababu kinanda hakina kibonye cheusi kati ya mi na fa. Mpango huu sikuubuni mimi; programu nyingi za muziki huutumia.

Sasa, kila noti ilie kwa kiwango gani? La hutetema mara 440 kwa sekunde. Ukitaka kupanda nusu hatua, zidisha kwa 1.0595. Ukifanya hivyo mara 12 unafika takriban 880, yaani la ya juu. Kumbe ule mfululizo wa kijiometri tunaoulalamikia darasani una faida!

Nikabonyeza N. La ikalia! Jamani, niliruka kama mwanambuzi. Lakini kesho yake kibodi ilikuwa kimya kabisa. Nilihangaika nusu saa nzima, kumbe mtu aliiacha kwenye herufi kubwa. Z kubwa ni 90, si 122. Programu ilikuwa inamngoja mgeni mwingine.

Tatizo la pili lilikuwa kuchelewa. Sauti ya sekunde moja hukatwa kuwa vipimo 44,100. Tarakilishi haivimwagi kimoja kimoja, bali hujaza ndoo kwanza. Ndoo ya vipimo 4,096 huchelewesha sauti kwa karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde, basi kinanda kikawa kinawafuata waimbaji kama mkia. Nikaipunguza ndoo hadi vipimo 256, karibu milisekunde 6. Usipunguze mno, maana mashine kuukuu itashindwa kuijaza kwa wakati na sauti itakwaruza.

La tatu, ukishikilia kibonye, tarakilishi hudhani unaandika "nnnnn". Kila n ikaamsha ala mpya, ala zikarundikana mpaka spika ikanguruma. Dawa yake ni kuweka daftari dogo ndani ya programu. Herufi ikishuka, iandikie 1. Ikija tena kabla ya kupanda, ipuuze.

Nikadhani nimemaliza. Siku ya Wazazi ikafika, ukumbi ukajaa pomoni. Ala yangu nilikuwa nimeiamuru ilie bila kikomo hadi ipate habari kwamba kidole kimeinuka. Nikabonyeza N ili kuwapa wenzangu noti ya kuanzia. Mkono wa pili ukagusa kipanya kwa bahati mbaya, dirisha jingine likafunguka. Nikainua kidole, lakini habari ile ikaenda kwa dirisha jipya. Csound haikuisikia! Mchungaji akasimama kuomba, la ingali inalia tu. Mzee mmoja aliyeketi mbele akauliza kwa Kikamba kama kuna mzinga darini. We acha tu! Nikachomoa waya wa spika. Tangu siku hiyo naitwa Nzuki, yaani nyuki.

Ajabu ni kwamba la ilikuwa imewakaa wenzangu masikioni. Walianza wimbo bila kinanda na hawakupotoka hata kidogo.

Jioni ile nilirudi maabara. Nilikuwa nimetumia wiki tatu kujifunza kuianzisha sauti, na kuikomesha sikukufikiria. Sasa kibonye kirefu cha nafasi, nambari 32, hunyamazisha ala zote mara moja. Tena, kidole kikiinuka, noti hufifia kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde, kwani ukiikata ghafla spika hulia "ta!" Mgeni mwenye adabu huaga kabla ya kuondoka.

Sitakudanganya kuwa hiki ni kinanda kamili. Hakijui kama umegusa taratibu au kwa kishindo. Tena kibodi nyingi za bei nafuu hukataa baadhi ya vibonye vitatu vikibonyezwa pamoja. Lakini kwa kumfunza mtu sauti yake ya besi au tena, kinafaa sana, na ndivyo tunavyofanyia mazoezi hadi sasa.

Ukitaka kujaribu, anza na noti moja. Hakikisha inalia, kisha hakikisha inanyamaza, ndipo uongeze ya pili. Kwa hayo machache, Nzuki wenu nakomea hapo. Tukijaliwa, tukutane katika toleo la mwakani.