Gari la Urithi Lisifie Uani

Mali ya urithi ni ya namna mbili: iko inayolisha na iko inayoliwa. Shamba likilimwa hulisha ukoo mzima. Likiachwa pori huliwa na magugu, na mwishowe huliwa na ugomvi. Hivyo ndivyo ilivyo kwa gari la kazi. Mzee aliyejinyima akanunua pikapu, akaisafirishia tumbaku, asali na mahindi kwa miaka mingi, hakuwaachia wanawe pambo la uani. Aliwaachia chombo cha kazi. Swali lililo mbele ya warithi ni moja: chombo hicho kitafanya kazi tena, au kitaozea chini ya mwembe huku kila ndugu akisema si zamu yake kukitengeneza?

Twaliuliza swali hili tukiwa na Kipalapala akilini, jirani ya mji wa Tabora, mahali panapojulikana kwa Seminari Kuu yake na kwa mitambo ya uchapaji iliyotia jina la Kipalapala katika kurasa za mwanzo za vitabu vingi vya Kiswahili. Lakini swali lawahusu pia wafanyakazi na wakulima wa Sikonge, Urambo, Nzega na kokote ambako pikapu ya zamani imerithiwa.

Njia ya wapagazi

Watu wa Unyanyembe hawahitaji kufundishwa thamani ya kuchukua mizigo. Kabla ya reli, sehemu kubwa ya biashara kati ya pwani na maziwa makuu ilipita Tabora juu ya mabega ya watu. Burton na Speke walipofika Kazeh mwezi Novemba mwaka 1857, walikuwa wametumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani. Stanley, aliyefika Tabora mwezi Juni mwaka 1871, alitumia karibu miezi mitatu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, na Wanyamwezi walijipatia sifa ya kuwa wapagazi hodari kuliko wote. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ikawa historia.

Lakini reli haifiki mlangoni. Kati ya stesheni na shamba mzigo ulibaki kichwani, mpaka zilipokuja motokaa ndogo za mizigo. Mojawapo ni Land Rover, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Ile yenye chesisi ndefu, iitwayo 109 kwa sababu magurudumu ya mbele na ya nyuma yako mbali inchi 109, huchukua karibu kilo 900. Piga hesabu: pikapu moja ni sawa na wapagazi 28, nayo hufanya kwa saa moja safari iliyowachukua wao siku mbili.

Wanachama nao wana sababu yao ya kuikumbuka. Katika miaka ya kudai Uhuru, TANU ilikuwa na Land Rover yake, na Mwalimu Nyerere alizunguka nayo majimboni kuwaendea wananchi mahali ambapo treni haikufika. Mkutano wa Tabora wa Januari 1958, uliofikia Uamuzi wa Busara, ulikusanya wajumbe waliotoka pembe zote za nchi kwa vyombo vya namna namna. Kwa hiyo si ajabu kwamba mwezi Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika kwa wingi mjini Arusha kuyasherehekea magari hayo. Sherehe ni njema. Lakini gari la mkulima halirithiwi kwa ajili ya sherehe.

Kwanza karatasi

Makosa mengi huanza kabla spana haijashikwa. Mwana mmoja, mara nyingi yule mwenye mshahara, hulichukua gari, hutia fedha zake, na likianza kutembea ndugu wengine huja kudai. Yeye husema, "Nimelifufua mimi." Wao husema, "Ni la baba." Wote wawili wana haki kidogo, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Njia iliyo sawa ni hii. Ukoo ukae kikao, upendekeze msimamizi wa mirathi, na mahakama imthibitishe. Msimamizi aliandike gari katika orodha ya mali ya marehemu, na warithi wakubaliane kwa maandishi: ama mmoja alichukue na kuwafidia wenzake, ama libaki la wote na kila atakayetoa fedha za matengenezo aandikiwe. Ndipo kadi ya gari ibadilishwe jina katika ofisi ya mapato. Tena yafaa kukumbuka kwamba kadi hutaja namba ya chesisi na namba ya injini. Mtu akibadili injini bila kutoa taarifa, siku ya ukaguzi gari lake litaonekana kama la wizi, hata kama kila mtu mtaani anajua lilikuwa la baba yake.

Kusimama kabla ya kwenda

Mrithi kijana apatapo fedha hukimbilia injini kubwa, rangi na redio. Huko ni kuanzia mwisho. Gari la miaka ya 1960 lilitengenezwa kwa barabara za vumbi na mwendo wa polepole. Leo lami inafika Tabora kutoka pande mbalimbali, na mabasi na malori hupita kwa kasi ambayo fundi wa zamani hakuitazamia. Gari lililokuwa salama katika njia ya mchanga laweza kuwa hatari katika lami. Kwa hiyo utaratibu uwe huu: kwanza chesisi, pili breki, tatu umeme, na injini baadaye.

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, nayo haishiki kutu kama bati la chuma. Jambo hilo huwadanganya wengi, maana chesisi iliyo chini yake ni ya chuma, nayo huoza kwa ndani. Fundi aigonge kwa nyundo toka mwanzo hadi mwisho. Palipooza pakatwe na kuchomelewa chuma kizima, si kupakwa lami na rangi.

Breki za zamani ni za ngoma, na katika magari mengi ya aina hiyo mafuta ya breki hupita katika mfumo mmoja tu. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Dawa yake yajulikana: kufunga pampu ya breki yenye njia mbili, ili upande mmoja ukifa mwingine ubaki, na kuongeza kisaidizi cha breki ili mguu wa dereva usitegemee nguvu zake tu. Vifaa vya namna hiyo vilifungwa katika Land Rover zilizotengenezwa baadaye, na vipuri vya magari haya vinaendelea kutengenezwa mpaka leo. Mabomba na mipira yote ibadilishwe hata kama kwa macho yaonekana mizima.

Kisha mikanda ya viti. Mikanda ifungwe penye chuma imara, isifungwe katika bati la aluminiamu ambalo litang'oka siku ya ajali. Na jambo moja twalisema kwa mkazo: nyuma ya pikapu ni mahali pa mizigo. Watoto wa shule na waombolezaji wanaopakiwa huko wakisimama hawana mkanda wala paa, na hakuna matengenezo yatakayowaokoa gari likipinduka.

Umeme na injini

Dainamo ya zamani ilitoa ampea 22 hivi gari likiwa katika mwendo, na likisimama injini ikizunguka polepole ilikuwa haitoi chochote cha maana. Ndiyo sababu taa za mzee zilikuwa hafifu kama kibatari. Alteneta huondoa shida hiyo, nayo huwezesha taa zenye nguvu na viashiria vinavyoonekana mchana. Lakini fundi na aangalie: Land Rover nyingi za kabla ya mwaka 1967 zilifungwa upande chanya wa betri kwenye bodi, kinyume cha magari ya leo. Asiyelijua jambo hilo akafunga alteneta mpya, ataiunguza siku hiyo hiyo. Na nyaya za zamani, ambazo nguo yake imekauka na kupasuka, zitolewe zote. Moto mwingi wa magari huanzia hapo.

Juu ya injini wako watu wa rai mbili. Wa kwanza husema injini ya asili ibaki. Injini ya petroli ya senti-mita za ujazo 2286 ni nyepesi kutengeneza na fundi wa kijijini huielewa. Ubaya wake ni kwamba hunywa lita moja ya petroli kwa kilomita sita hivi. Tena injini nyingi za zamani zilizoea petroli yenye risasi, ambayo katika Afrika ya kusini ya Sahara iliondolewa kufikia mwaka 2006, na ikaisha kabisa duniani mwaka 2021 Algeria ilipoiacha. Kwa hiyo kichwa cha injini kikifunguliwa, vikalio vya valvu za moshi vikaguliwe, na vilivyolika viwekwe vya chuma kigumu.

Wa pili husema itiwe injini ya dizeli ya Kijapani, kama mafundi wetu walivyozoea kufanya. Mafuta hupungua, na vipuri hupatikana kila mji. Sisi hatulipingi jambo hilo, ila twaomba lifanywe kwa kipimo. Injini yenye nguvu mara mbili hulipeleka gari kwa kasi ambayo breki, usukani na giaboksi havikutengenezewa. Anayetia injini mpya bila kugusa breki ameongeza hatari, hata kama amepunguza gharama.

Wako pia wanaotaja umeme mtupu. Mjini Nairobi kampuni ya Opibus, iliyoanza mwaka 2017 na kuitwa Roam tangu 2022, ilianza kazi zake kwa kugeuza magari ya kitalii yatumie betri. Jambo hilo lawezekana, na pengine wajukuu wetu wataliona la kawaida. Kwa mkulima wa leo bei ya betri ni kubwa kuliko thamani ya gari lenyewe, na si busara kuacha mbachao kwa msala upitao.

Fedha na fundi

Tabora ni nchi ya asali, na methali ya chovya chovya huijua vyema. Matengenezo yasiyo na hesabu humaliza fedha hivyo hivyo: leo tairi, kesho rejeta, keshokutwa rangi, na baada ya mwaka gari lingali juu ya mawe. Warithi waandike orodha nzima mwanzoni, waipange kwa hatua, na hatua moja isianze kabla ya ile ya kwanza kulipiwa. Vifaa vya asili vinavyotolewa vihifadhiwe katika sanduku, kila kimoja na jina lake. Vyaweza kuhitajiwa, na gari lenye vitu vyake vya asili huwa na bei zaidi kwa wanunuzi wanaoyapenda magari hayo.

Fundi naye ni mfanyakazi. Ni aibu kwa mwanachama anayedai haki ya mshahara wake kumzungusha fundi miezi mitatu kwa malipo yake. Mkataba uandikwe, hata katika karatasi ya daftari: kazi gani, kwa bei gani, mpaka siku gani. Vijana wanaojifunza ufundi katika vyuo vya VETA, vilivyowekwa kwa sheria ya mwaka 1994, wanahitaji kazi za namna hii. Gari la zamani huwafundisha mambo ambayo gari jipya limeyaficha chini ya vifuniko vya plastiki: jinsi cheche inavyozaliwa, jinsi mafuta yanavyopimwa, na jinsi gia inavyoshika gia.

Gari likirudi barabarani, kazi ya ukoo haijaisha. Kila safari iwe na daftari lake: mzigo gani, umbali gani, nauli kiasi gani. Sehemu ya kila nauli iwekwe kando kwa tairi, mafuta ya injini na bima, kabla mgao wa ndugu haujatoka. Wakifanya hivyo, warithi watakuwa ushirika mdogo, na ushirika wa namna hiyo hauhitaji mkopo wala msaada wa mgeni ili uanze. Unahitaji kikao kimoja cha ukoo, na kikao hicho chaweza kuitwa Jumapili hii.