Plau Lilipokewa, Matuta ya Amri Yakakataliwa (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya ilielezwa kwamba teknolojia si mashine peke yake, bali ni kila chombo, ujuzi au utaratibu ambao binadamu huutumia ili apate anachokitaka kwa njia iliyo nyepesi au yenye uhakika zaidi. Sehemu hii inaligeukia swali ambalo wataalamu wa kilimo, afya na fedha wamelijibu kwa haraka mno kwa muda mrefu, nalo ni kwa nini watu walewale, katika kijiji kilekile na pengine katika msimu uleule, hulipokea jambo moja jipya kwa mikono miwili na kulikataa jingine ambalo mtaalamu ana hakika kwamba linawafaa. Usukuma, nchi ya wakulima na wafugaji iliyo kusini mwa Ziwa Viktoria, ina ushahidi mwingi juu ya jambo hili, na Kisesa, mji mdogo wa Wilaya ya Magu ulio kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma, umekaa katikati ya ushahidi huo.

Jibu la mazoea ni kwamba wanaokataa hawajaelimika, au wameng'ang'ania mila. Jibu hilo lina raha yake, kwa kuwa humwondolea mtaalamu wajibu wa kukichunguza upya alichokileta. Mwaka 1943 Bryce Ryan na Neal Gross walichapisha utafiti wao juu ya mbegu chotara za mahindi katika jimbo la Iowa, Marekani, mbegu ambazo faida yake haikuwa na ubishi; hata hivyo wakulima 259 waliohojiwa walichukua zaidi ya miaka kumi, kuanzia mwaka 1928 hadi 1941, kabla ya wote isipokuwa wawili kuzikubali. Wengi walipata habari za mbegu hizo kutoka kwa wauzaji, lakini kilichowashawishi kuzipanda ni shamba la jirani. Wakulima wale walikuwa na shule, magazeti na barabara, na bado walisubiri, kisha wakajaribu katika kipande kidogo cha shamba kabla ya kupanda shamba zima.

Everett Rogers, ambaye naye alikulia shambani Iowa, alikusanya tafiti za namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1962 kuhusu uenezaji wa uvumbuzi, yaani njia ambayo jambo jipya hupitia kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine mpaka lienee katika jamii. Kwa maelezo yake, mtu hupima kama jambo hilo lina manufaa kuliko lile alilonalo, kama linaafikiana na maisha na imani zake, kama ni rahisi kulielewa, kama linaweza kujaribiwa kidogo kidogo, na kama matokeo yake yanaonekana kwa wengine. Vipimo hivyo vitano ni vyema na vimesaidia wengi, ila vina upungufu mkubwa unaodhihirika mara tu vinapoletwa Usukuma: havimuulizi aliyekileta kitu hicho amekileta kwa masharti gani, wala havimuulizi mpokeaji ni nani atakayeibeba hasara iwapo mambo yatakwenda kombo.

Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilianzisha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, uliokuwa na makao yake Malya. Waliouandaa waliona ardhi inachoka, ng'ombe wamezidi malisho na watu wamebanana, na hofu yao kuhusu mmomonyoko wa udongo haikuwa ya kubuni. Kwa hiyo zilitungwa sheria nyingi juu ya kulima kwa matuta, kutumia samadi, kupanda mihogo ya akiba, kutokata miti ovyo na kupunguza mifugo. Katika sheria hizo, iliyogusa mkono wa mkulima kuliko zote ni ile ya matuta yaliyofungwa. Matuta yenyewe hayakuwa mageni kwa Wasukuma, ambao walikuwa wakiyalima kwa jembe la mkono tangu zamani. Kilichokuwa kigeni ni kujenga vizuizi vya udongo katika mifereji iliyo kati ya tuta na tuta, kila baada ya hatua chache, ili mfereji ugeuke kuwa safu ya visima vidogo vinavyoyashika maji ya mvua mahali yanapoangukia. Katika mwaka wa ukame mpango huo una faida ya dhahiri. Katika mwaka wa mvua nyingi maji yaleyale hutuama, mizizi ya pamba ikakosa hewa na mimea ikadumaa.

Mtaalamu aliyahesabu maji na udongo, naye mkulima alikuwa na hesabu ya siku. Mvua za kwanza zikishuka mwishoni mwa mwaka, kila kazi huja kwa pamoja: mahindi na mtama vinataka kupandwa, palizi ya kwanza haingoji, na pamba ikicheleweshwa hupungukiwa mavuno. Nguvu kazi katika wiki hizo ndiyo mali iliyo adimu kuliko ardhi, na Wasukuma walikuwa na namna zao za kuipanga, mojawapo ikiwa ni makundi ya kulima kwa zamu na kwa ngoma, ambayo kumbukumbu yake ingali hai katika bugobogobo, ngoma ya majembe ichezwayo hadi leo katika uwanja wa Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, hapo Kisesa, yaliyoasisiwa na Padre David Clement. Kundi la aina hiyo halikuja bure, kwa sababu mwenye shamba aliliandalia chakula na pombe, au alilirudishia nguvu zake siku nyingine. Kuongeza vizuizi katika kila mfereji maana yake ilikuwa kuongeza siku za jembe wakati ambapo siku hazikuwepo, kwa ajili ya faida ambayo ingeonekana miaka fulani na miaka mingine isionekane.

Wakati huohuo plau la kukokotwa na ng'ombe lilikuwa likienea, na waliolinunua walifanya hivyo kwa fedha zao wenyewe za pamba, pasipo amri ya mtu. Plau lilikuwa ghali, lilihitaji maksai waliofundishwa, na lilikuja na usumbufu wake wa vipuri na mafunzo. Mtu anayeamini kwamba Msukuma aliogopa mageni hana namna ya kulieleza jambo hili. Kwa anayetazama hesabu ya siku, maelezo ni mepesi: plau liliondoa mzigo palepale ulipokuwa mzito, likamwezesha mwenye ng'ombe kulima eneo kubwa kabla mvua hazijapita, tena liliwapa ng'ombe kazi ya shambani katika miaka ileile ambayo serikali ilikuwa ikidai wapunguzwe. Zaidi ya hayo, kazi ya plau na ya matuta yaliyofungwa zilipingana, kwa kuwa vizuizi vile vilijengwa kwa mkono. Aliyeyakataa matuta ya amri alikuwa mara nyingi ndiye huyohuyo aliyekuwa akitafuta fedha za plau, na ni kosa kumwita mpinga maendeleo.

Kilichoharibu zaidi ni adhabu. Sheria za kilimo zilisimamiwa kupitia watemi, yaani machifu wa jadi, na mahakama zao, na aliyezivunja alitozwa faini au alifungwa. Jambo ambalo lingeweza kujadiliwa na kujaribiwa katika kipande kimoja cha shamba liligeuka kuwa ishara ya utawala, na kulikataa kukawa njia ya kuukataa utawala wenyewe. Chama cha kupigania uhuru cha TANU, kilichoanzishwa mwaka 1954, kilipigwa marufuku Usukuma mwaka huohuo, na marufuku hiyo ilidumu hadi 1958, lakini madai yaliyoendelea kusikika vijijini yalikuwa ni yaleyale ya matuta, ng'ombe na faini. Mwishoni mwa miaka ya 1950 serikali iliachana na amri hizo. Hasara iliyobaki haipimiki kwa urahisi: ushauri mwingine mzuri kuhusu kulinda udongo uliondoka pamoja na amri, na bwana shamba aliyekuja baadaye na nia njema alikuta mlango umekwisha kufungwa na waliomtangulia.

Ushahidi wa upande wa pili uko kwenye mizani ya pamba, chombo ambacho kinaonekana kuwa cha kawaida mno kuingizwa katika mjadala wa teknolojia. Mkulima wa miaka ya 1940 aliyepeleka pamba yake kwa mnunuzi aliona mshale ukisogea, akatajiwa uzito na kupewa fedha, bila namna ya kuhakiki alichotajiwa. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa kila mahali. Wakulima hawakuomba mizani iondolewe wala hawakurudi kwenye kupima kwa kukadiria. Walidai wapimaji wao wenyewe wasimame hapo penye kupimia, na kutokana na dai hilo vikakua vyama vya ushirika ambavyo Paul Bomani na wenzake waliviunganisha hadi kuundwa kwa muungano wa vyama vya ushirika vya Viktoria mwaka 1955, uliokuja kumiliki vinu vya kuchambulia pamba. Mizani ilikuwa ileile, na vipimo vyote vitano vya Rogers vilibaki kama vilivyokuwa. Kilichobadilika ni nani aliyeushika mshale, na hicho pekee kilitosha kuigeuza mizani kutoka chombo kinachoshukiwa kuwa chombo kinachotetewa.

Ikumbukwe pia kwamba si kila kinachoonekana kuwa kukubali ni kukubali. Kituo cha utafiti cha Ukiriguru, kilicho karibu na Mwanza, kimetoa aina nyingi za mbegu za pamba zenye jina linaloanza na herufi UK, na mbegu hizo zilienea karibu kila shamba. Ubora wake ulikuwa wa kweli, hasa katika kustahimili wadudu na magonjwa, lakini zilienea pia kwa sababu mbegu zilitoka vinuni, na mkulima alipanda alichopewa. Mtafiti anayehesabu mashamba tu na kuandika kwamba wakulima wote wameipokea mbegu mpya atakuwa amepima mpango wa ugawaji na kudhani amepima nia ya watu.

Sekta ya afya imetoa fundisho la karibu zaidi. Tafiti zilizofanyika Afrika Kusini, Kisumu nchini Kenya na Rakai nchini Uganda zilionyesha kwamba tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 60, na mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza katika nchi zenye maambukizi mengi. Wasukuma kwa desturi hawakuwa na tohara, na kwa Wakristo wengi ilihesabiwa kuwa ni jambo la Waislamu au la makabila mengine, hivyo huduma ilipofika vijijini, tena bila malipo, wengi hawakujitokeza. Watafiti walio na uhusiano na hospitali ya Bugando, iliyoko Mwanza, walichagua vijiji 16 vya kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Vyote vilipata huduma ileile, lakini katika vijiji 8 viongozi wa makanisa walipewa kwanza semina iliyofundishwa na mchungaji na mtaalamu wa tiba, wote Watanzania, ambamo masuala ya Biblia na mila yalizungumzwa sambamba na yale ya kitabibu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 katika jarida la The Lancet yalionyesha kwamba wanaume takriban asilimia 53 walitahiriwa katika vijiji hivyo, dhidi ya takriban asilimia 30 katika vijiji vingine. Kisu, ganzi na muuguzi havikubadilika. Waumini walisikia habari hiyo kutoka kwa mtu ambaye huwazika wazazi wao na kufungisha ndoa za watoto wao, na ambaye hataondoka baada ya kampeni kwisha.

Hata kilichokwisha kupokewa kinaweza kukataliwa upya, na hapa Rogers ana haki ya kusifiwa kwa kutambua mapema kwamba kuacha ni uamuzi kamili kama ulivyo kuanza. Huduma ya kutuma fedha kwa simu ya M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, ikaanza kwa mwendo wa pole kwa kuwa mawakala walikuwa wachache na nchi ni pana, kisha ikashika kasi pamoja na nyingine za aina yake, hata mwenye kibanda cha wakala akawa mtu muhimu kwenye kila njia panda. Kijana aliye Mwanza alimtumia mama yake aliye kijijini fedha za mbolea pasipo kumtegemea kondakta wa basi. Mwezi Julai 2021 serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu, na watu ambao kwa miaka zaidi ya kumi walikuwa wameizoea simu kama mfuko wa pili walianza kutoa fedha zote kwa mkupuo mmoja, kubeba taslimu, au kuzituma kwa mtu anayesafiri. Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikapunguzwa tena. Walioacha hawakuwa wamesahau namna ya kubonyeza simu, wala mila haikuwa imeamka ghafla na kuwazuia. Walifanya hesabu ileile ambayo babu zao waliifanya juu ya matuta, nao waliijibu serikali kwa njia ileile, yaani kwa kuacha kufanya.

Sehemu ya tatu itahamia ziwani, kwa wavuvi wa dagaa wa Igombe na Kayenze, ambao kwa miaka mingi wamevua usiku wa giza kwa karabai na sasa wengi wao wanatumia taa za sola na betri. Huko swali la nani anabeba gharama linakuwa gumu zaidi, kwa sababu kwa kawaida mafuta ya taa hukatwa kwenye mapato kabla wavuvi na mwenye mtumbwi hawajagawana, ilhali taa mpya hununuliwa na mwenye mtumbwi kwa fedha zake kabla hata dagaa mmoja hajaingia wavuni.